Aliyeimba Gizani

Mama yangu hakuwa mtu wa kuamini haraka, na kazi yake ilimzidishia shaka. Kwa miaka thelathini na moja alipokea simu katika hospitali kubwa, kaketi kwenye chumba kisicho na dirisha, akiwaunganisha watu na madaktari. Alikujua kwa pumzi kabla hujasema haloo. Muuguzi akipiga kusema anaumwa, mama alimwambia kwa upole kwamba mgonjwa hapumui hivyo, kisha akamwunganisha na msimamizi wake. Sisi watoto tuliacha kumdanganya mapema. Ilikuwa kujichosha bure.

Mtu mmoja tu alimshinda kumsoma, naye ni baba.

Habari yenyewe ilianzia kwenye tamasha la chuo walichosoma. Mama alikuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya. Ukumbi umefurika, giza la jioni limeshaingia, yeye yuko katikati ya ubeti wa pili, umeme ukakatika. Kipaza sauti kikazima, kinanda kikazima, na maneno ya wimbo yakamtoka kichwani yote. Anasema alisimama pale, anasikia watu wameanza kucheka. Ndipo sauti ya mwanamume ikaudaka wimbo palepale alipouachia, taratibu, ikamvuta mpaka akaupata tena, na ukumbi mzima ukaitikia. Taa ziliporudi kila mtu alikuwa amesimama, haijulikani nani kaimba.

Kesho yake, kwenye foleni ya chakula, mwanafunzi mmoja wa useremala, mwembamba na mwenye haya, akamwambia kwamba aliyeimba ni yeye. Baada ya miaka miwili wakaoana.

Sasa, baba haimbi. Sijawahi kumsikia akiimba, si bafuni, si kwenye harusi za ndugu. Tena maelezo yake yalikuwa na ufa: mara alikuwa dirishani nyuma kabisa, mara alikuwa karibu na jukwaa. Mama aliyaweka yote hayo moyoni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili aliponiambia, huku akimenya vitunguu, kwamba huenda baba yangu alijichukulia sifa ya mtu mwingine. Nilimkasirikia sana kwa kunipa mzigo ule, maana tangu siku hiyo na mimi nikawa namtazama baba kwa jicho la pembeni. Hata akinisifu, najiuliza anaficha nini.

Mwaka jana mpiga kinanda wa kwaya ile alikuta kanda ya tamasha kwenye sanduku lake. Ilikuwa imerekodiwa kwa redio ya betri, kwa hiyo umeme ulipokatika yenyewe iliendelea. Akaihamishia kwenye simu, akamtumia mama. Mama alikaa nayo siku nne bila kuifungua.

"Kama siye," aliniambia, "mimi nimeolewa na nani?"

Jumapili mchana nikamketisha sebuleni. Baba alikuwa uani anapiga msasa kigoda. Mama akavaa miwani, sijui ya kusikilizia nini, akaniamuru nibonyeze.

Mara ya kwanza akasema siye, sauti ni nyembamba mno. Mara ya pili akakunja uso. Mara ya tatu akainua kidole: sauti ilikuwa inasogea. Ilianzia mbali, nyuma ya watu, ikawa inakaribia mstari kwa mstari. Mwimbaji alikuwa anatembea gizani, kutoka dirishani kuja jukwaani. Na katikati ya neno akavuta pumzi, mahali ambapo hakuna mtu avutaye pumzi. Baba huvuta hivyohivyo akitusomea gazeti.

"Ni yeye," mama akasema.

Nilifurahi, na aibu ikanishika papo hapo. Mama hakufurahi. Aliinuka akaenda uani, nami nikamfuata mpaka mlangoni.

"Mzee, nimetumiwa kanda ya lile tamasha kwenye simu, nimeisikiliza. Ni wewe."

Baba akasema anajua, akaendelea na msasa wake.

"Mbona hujaniimbia hata siku moja?"

Hapo mkono wake ukasimama. Hakuonekana kuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Niliimba. Mwezi ule wa kwanza tumeoana, nikiwa napiga randa. Ukaja ukasimama mlangoni. Nikafurahi, nikajua umekuja kunisikiliza. Nilipogeuka nikaona unanipima. Nikasema basi, nitanyamaza mpaka amalize kupima."

Mama akamwomba aimbe sasa, hata mstari mmoja. Baba akajaribu. Kilichotoka ni mkwaruzo, kisha kikohozi kirefu cha vumbi la mbao la miaka yote ile. Akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Imeshakwenda, mke wangu. Iliyobaki ni hiyo iliyomo kwenye simu."

Mama akavua miwani, akaketi chini kando ya kigoda. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na swali la kumwuliza.