Vikapo Vitano hadi Ziwani

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulikaa Kalemie, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho upande wa ziwa. Bwana yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma karakanani, na mimi nilifundisha darasa la pili. Tulikuwa na sufuria mbili tu, na Jumapili moja nikakuta moja haina kifuniko.

Nilitafuta chini ya meza, nikauliza kwa jirani. Mwishowe nikasikia kelele za wanaume nyuma ya nyumba, nikatoka. Kifuniko changu kilikuwa hewani. Kilipita juu ya njia ya mchanga kikiwa kimelala bapa, kikaenda mbali kuliko nilivyodhani kitu cha jikoni kinaweza kwenda, kikagonga nguzo na kuanguka.

"Umetoa kishikio," nilimwambia bwana yangu nilipokwenda kukiokota.

"Kilikuwa kinakizuia kuruka," akajibu, bila aibu yoyote.

Mchezo huo aliuanzisha yeye na wenzake wa karakana. Siku moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, walipewa kufyeka nyuma ya ghala, wakakuta rundo la vifuniko vya madebe ya rangi. Mmoja akarusha kimoja ili kukitupa, kikaruka vizuri, na kazi ikaishia hapo. Baadaye wakatundika vikapo vitano vya wavuvi kwenye nguzo, cha kwanza karibu na nyumba yetu na cha tano ufukweni. Ulirusha kifuniko, ukakifuata kilipoangukia, ukarusha tena kutoka hapohapo mpaka kiingie kikaponi. Aliyemaliza vikapo vyote kwa mirusho michache kuliko wenzake ndiye aliyeshinda.

Nilikaa kuangalia kwa sababu nilitaka kifuniko changu kirudi kizima. Baada ya saa moja nikaomba nami nijaribu.

"Tia nguvu," bwana yangu akanifundisha. Somo lake lote lilikuwa hilo.

Nikatia nguvu. Kifuniko kikapanda, kikasimama juu kama kimesahau kinakokwenda, kikalala upande wa kushoto na kuanguka juu ya bati la jirani. Wanaume wale walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi ni mwalimu, sikuzoea kuchekwa na watu wanaoniletea barua zao niwasahihishie. Nilichukua kifuniko changu nikarudi kupika, lakini moyo ulibaki kule nje.

Kesho yake, baada ya shule, nilitoka peke yangu. Nikatoka tena keshokutwa. Niliona kwamba nikiinua ukingo wa mbele, hata kidogo, kifuniko kinapanda na kufia hewani. Niliona pia kwamba nguvu ya mkono mzima haifai kitu. Ilibidi nisimame upande, mguu wa kulia mbele, vidole vimekunjwa chini ya ukingo na gumba juu. Halafu nivute mkono karibu na kifua kwa mstari mmoja, kama mtu anavyovuta kamba ya kuwasha injini ya mtumbwi, na kifundo cha mkono kifunguke mwishoni kabisa. Hapo kifuniko kilizunguka kwa kasi hata kikawa kinavuma, na kikaenda nilikotaka. Siku kilipofanya hivyo mara tatu mfululizo nilicheka peke yangu pale mchangani.

Nilijifunza pia kuchagua. Kifuniko cha kopo la maziwa kilikuwa chepesi, kizuri ukiwa hatua chache kutoka kikaponi, lakini upepo ukikikuta usoni kinageuka kulia na kukimbia. Kile cha debe la rangi kilikuwa kizito na kinene ukingoni. Hicho kilipasua upepo, kikaenda mbali, na kilipochoka kiliinamia kushoto, kwa hiyo ulilenga kidogo kulia kwa kikapo. Kile cha sufuria kilikuwa kati ya hivyo viwili, na kwa siku tulivu hakikuwa na mwenzake.

Jumapili iliyofuata nilimshinda bwana yangu kwa mirusho miwili. Tulirudi nyumbani, tukala. Ndipo akasukuma sahani na kusema, "Nionyeshe ule mkono wako."

Mambo yakaenda hivyo hadi baba mkwe alipokuja kututembelea. Alikuwa katekista kule milimani juu ya Moba, mtu wa maneno machache, na nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya harusi. Tulimtazamia Jumatatu. Meli ikaondoka Moba mapema, akafika Jumapili, akakuta nyumba imefungwa, akafuata kelele.

Mimi nilikuwa kwenye kikapo cha nne, miguu mitupu, nimepandisha kitenge hadi magotini, wanaume kumi nyuma yangu. Hakuna aliyeniambia kitu. Niliona tu kwamba wamenyamaza, nikageuka, na alikuwa amesimama pale na koti lake na valizi yake ndogo ya safari.

Nilishusha kitenge, nikapiga magoti. "Karibu, papa. Tulikungoja kesho."

"Niko hapa leo," akasema. Akatazama kifuniko mkononi mwangu. "Malizia kwanza."

Nikamalizia vibaya. Nilisahau kila nilichojifunza, nikarusha kwa bega. Kifuniko kikakata kulia na kutua katikati ya ndagala ambazo mama mmoja jirani alikuwa amezianika juu ya mkeka.

"Mwalimu, hata weye?" akasema yule mama kwa uchovu.

Nilikimbia kuomba radhi, nikainama kuokota samaki wale wadogo mmoja mmoja mchangani. Nilikuwa nafikiria barua ambayo baba mkwe angeandika nyumbani kuhusu bibi ya mutoto wake. Kisha nikaona mikono mingine karibu na yangu. Alikuwa amevua koti, amechuchumaa, anaokota ndagala na kupuliza mchanga.

"Upepo iko inatoka ku ziwa," akasema polepole, bila kuniangalia. "Umechukua hiki chepesi juu ya nini?"

Nilimwambia kweli. "Niliogopa, papa. Nimeshika kilichokuwa karibu."

Akacheka kwa puani. Tulipomaliza kuokota akajipangusa mikono na kuuliza, "Muntu anaweza kujaribu?"

Nikampa kile kizito. Mrusho wake wa kwanza ulitoka mkononi mapema mno, ukaenda nyuma yake, na wanaume wakaruka pembeni. Bwana yangu akaanza, "Papa, tia..." Nikamtazama, akafunga mdomo.

"Usipige, papa," nikasema. "Vuta tu. Kiache kitoke chenyewe."

Akavuta. Safari hii kilikwenda mbele, chini chini, na kuteleza juu ya mchanga. Akakifuata kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake. Tulimsindikiza sote mpaka kikapo cha tano, na kifuniko kilipoingia bwana yangu akatangaza kwa heshima, "Mirusho minane."

"Njo kumi na moja," baba yake akamkata. "Nimehesabu."

Alikuwa amekuja kwa juma moja. Alikaa matatu, akisema meli hizi haziaminiki. Asubuhi alikwenda misa, mchana nilimkuta uani akivuta mkono hewani bila kifuniko, akichunguza kifundo chake. Kuhusu kitenge changu hakusema lolote, wala siku ile wala baadaye.

Jumapili yake ya mwisho alimshinda mwanawe katika kikapo cha pili, kwa mirusho mitatu dhidi ya minne. Jioni alikula bugali mara mbili, akanisimulia mirusho yake yote mitatu, mmoja baada ya mwingine, kama vile mimi sikuwapo pale. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikimwuliza upepo ulitoka wapi.