Shetani Asiyesalimia

Juzi mwanangu kanikuta jikoni nakata mboga, kasimama mlangoni na uso wa mtu mwenye kesi ya shamba. Yuko kidato cha tatu, yuko likizo, na sebule yangu hapa Mahongole imegeuka kijiwe. Yeye na wenzake wanaizunguka meza tangu asubuhi, wana dadu za pembe nyingi, wanamaliza mkate wangu huku wakiuana kwa maneno.

"Mama," akasema, "nina shetani anayeingia watu. Wenzangu hawamwogopi hata kidogo. Nimwendesheje?"

Kisu kilisimama mkononi. Mtoto hajui kamuuliza nani! Nikamwambia arudi kwa wenzake, nitamjibu, na mpaka leo namzungusha. Nimeona bora nikusimulie wewe kwanza, rafiki yangu, maana wewe hutacheka.

Mimi niliwahi kuwa na shetani wa namna hiyo. Nilimwendesha mwenyewe, Njombe, mtaa wa Ramadhani, kwenye meza ya bibi yangu, nikiwa darasa la sita. Na alikuwa na nguvu kuliko nilivyokusudia.

Unaikumbuka Njombe ya zamani zile? Ukungu unaingia ndani bila hodi. Unavaa sweta juu ya sweta na bado meno yanagongana. Asubuhi ni viazi vya kuchemsha na chai inayochoma ulimi, mchana ni makande, na mvua ikianza kupiga bati mnazungumza kwa kupiga kelele kama mko mashineni. Jumamosi Bibi alikuwa akichambua maharage ya kupeleka sokoni, na sisi wajukuu tulioachiwa yeye tulikaa naye jikoni, kwenye meza ya mbao za paina, jiko la mkaa miguuni. Sheria yake ilikuwa moja: anayekaa mezani pake achambue. Mdomo uko huru, mikono hapana.

Mchezo tuliletewa na mwalimu wa Hisabati, kijana aliyepanga chumba uani kwetu. Alikuwa na dadu za ajabu, nyingine zina pande nyingi hadi zinakaribia kuwa mpira, na akatufundisha kwamba mtu mmoja anasimulia, wengine wanasema wanafanya nini, dadu inaamua kama wamefaulu. Msimulizi ndiye mvua, ndiye mlango, ndiye kila adui. Alipohamishwa alinikabidhi mimi dadu zake. "Wewe una mdomo," aliniambia. "Utumie kwa faida." Bibi alisikia, akaguna tu.

Wachezaji wangu walikuwa wadogo zangu wawili na dada. Dada alikuwa mtoto wa mama mkubwa, aliyeolewa Manda, huko ziwani. Mama mkubwa na mumewe walifariki, na dada akaletwa kwa Bibi na begi moja na harufu ya dagaa iliyochukua wiki kumtoka. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja. Hakujua Kibena, alitetemeka na baridi mchana kutwa, na wiki za kwanza hakusema kitu. Ni mchezo uliomfungua. Mpe jina la mtu mwingine uone! Alipiga mafisadi, alivuka mito, alimdanganya mfalme mpaka mfalme akampa viatu vyake. Mimi nilikuwa nasimulia, lakini aliyetuweka mezani ni yeye.

Sasa, adui. Nilikuwa nimechoka na majambazi na majoka. Nikataka shetani, na nikakumbuka neno la mwalimu, kwamba adui mwenye nguvu usimpe pembe, mpe mahali pa kukaa. Basi wangu alikaa ndani ya mmoja wao. Kila mchezo ulipoanza walichukua punje moja moja kutoka kwenye kapu wakiwa wamefumba macho, na aliyepata harage jeusi ndiye aliyeingiwa, ananyamaza nalo. Wengine wamtafute. Wakimpata, wafanye nini? Wakimpiga, wanamuumiza mwenzao. Wakimshika, shetani anahamia kwa aliyeshika. Hilo la kuhama lilikuwa langu mimi, na nililionea fahari wee! Nilimpa hata maneno ya kusema akigunduliwa: "Huyu ni nyumba yangu. Mguse, nihamie kwako." Wadogo zangu waliogopa hadi kwenda chooni ni kwa kusindikizana.

Lakini lazima pawe na alama ya kumjua, la sivyo si mchezo. Tukajadili sana, tukachagua kitu cha kutisha kuliko vyote tulivyovijua. Shetani hasalimii.

Usicheke. Sisi tulikuwa watoto wa Kibena. Kumpita mtu mzima bila kukunja goti kidogo na kusema "kamwene" lilikuwa jambo ambalo hata mlevi wa ulanzi halifanyi. Mlevi wa kwetu anaangukia mtaroni huku anasalimia. Mtoto asiyesalimia amelelewa vibaya, au anaumwa, au ana jambo lingine ambalo watu hawalitaji kwa sauti. Kwa hiyo mezani tulikuwa tunasalimiana kila mara, kamwene, kamwene, tukichunguzana macho, na mwenye harage jeusi hakuruhusiwa kuitikia. Na kama mchezo haukuisha, harage lilikaa mfukoni mwake mpaka Jumamosi nyingine. Shetani hana likizo, nilisema mimi, mwenye mdomo.

Ndipo dada akalipata harage jeusi, na mvua ikatukatiza, hatusikiani tena, na ilipoisha akaenda bombani nalo mfukoni. Jirani alikuwa pale. Huyu jirani alikuwa mama mwema, nisimseme vibaya. Alituletea maziwa, na ndiye aliyeongoza kikundi cha maombi mtaani. Akamwambia dada kamwene. Kimya. Akarudia, kwa upole. Dada akamtazama tu, akajitwika ndoo, akaondoka. Jirani alikuja mpaka kwetu kuuliza kama mtoto anaumwa. Bibi alimgombeza dada siku ile mpaka nikamhurumia, akamrudisha kwa jirani kuomba radhi.

Yangeishia hapo. Lakini Jumamosi iliyofuata alifika baba mdogo.

Huyu alikuwa mdogo wa marehemu baba yake dada. Alikuwa na nyumba ya kulala wageni Makambako, kule wanakolala madereva wa malori, na alikuwa ameshatuma ujumbe mara nyingi kwamba anamtaka mtoto wa kaka yake, amsaidie kazi ndogondogo, shule ziko hata Makambako. Binti mwingine wa ukoo ule alichukuliwa kwa maneno hayohayo. Alirudishwa kabla ya mwaka kwisha, hasomi, hacheki, na hakuna aliyemuuliza kilichompata. Dada alilijua hilo kuliko sisi sote. Na Bibi angesema nini? Mtoto ni wa upande wa baba. Yeye alikuwa mama mzaa mama, mjane, hana mwanamume wa kumsemea kwenye kikao cha ukoo. Alikuwa ameshatumia kila kisingizio, muhula, mitihani, mafua. Siku ile visingizio viliisha.

Baba mdogo alikaa sebuleni na koti lake la ngozi, ameleta sukari na kitenge, anacheka kwa sauti. Jirani naye alikuwepo, ameleta maziwa. Mimi nilitangulia na birika la maji ya kunawa. Dada akaja nyuma na sinia la chai na viazi.

"Ehe, mwanangu huyo!" baba mdogo akasema. "Umekua. Njoo unisalimie, halafu kafunge mizigo."

Dada aliweka sinia mezani. Akasimama wima. Hakukunja goti, hakusema shikamoo, hakusema kitu. Nilimwona mkono mmoja uko mfukoni, na nilijua ameshika nini.

"We mtoto, husikii? Salimia."

Kimya. Jirani akasimama polepole. Baba mdogo akanyoosha mkono amshike bega, na hapo dada akasema, kwa ile sauti ya chini tuliyoizoea jikoni, "Huyu ni nyumba yangu. Mguse, nihamie kwako."

Mkono ulibaki hewani. Sijawahi kuona mtu mzima akirudisha mkono vile, kidole kwa kidole. Jirani alianza kukemea kwa jina la Yesu, wadogo zangu wakaanza kulia, na baba mdogo akatoka na koti lake bila kunywa chai. Alipanda gari la jioni ileile. Baadaye alituma neno kwamba mtoto akae kwa bibi yake mpaka apone.

Mpaka apone! Unaona tulikofika? Nilimvuta dada uani nikamwambia tukamweleze Bibi kwamba ni mchezo. Alinikamata mikono yote miwili. "Ukisema ni mchezo, naenda Makambako." Alikuwa analia bila sauti. "Naomba. Usiseme."

Sikusema. Kikundi cha maombi kilikuja kila wiki, mchana, wakiimba vizuri kwa kweli. Walizoea kumwekea mgonjwa mikono kichwani, lakini kwa dada mikono ilikaa juu juu, haigusi nywele, kwa sababu maneno yale yalikuwa yameshafika kila nyumba. Dada alilala kwenye mkeka, macho wazi. Wakimaliza, jirani alimuuliza Bibi kama kuna mabadiliko, na Bibi, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata bei ya maharage, alijibu, "Bado, mama. Tuendelee kuomba." Mimi niliamini kwamba Bibi ameamini. Iliniuma kumwona mzee wa watu anasumbuka kwa shetani niliyemtunga mimi.

Dada alibaki Njombe. Alimaliza darasa la saba, akafaulu, akaenda shule ya bweni, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumchukua tena. Alipona, basi? Sijui niite nini. Darasa la Kipaimara alizuiwa mwaka mzima. Shuleni alikaa dawati peke yake. Jumapili, watu wakitoka kanisani wakiimba na kupeana mikono kwa mstari, mkono ulikuwa unafika kwangu, unamruka yeye, unaenda kwa mdogo wangu. Kila Jumapili. Wanatabasamu, hawana ubaya, wanamruka. Nilitunga lile jambo la kugusa nikiwa nachambua maharage, kwa kupendezwa tu, na mji mzima ukalicheza miaka bila mimi kusema lianze au liishe. Bado nakasirika nikilifikiria, na sijui nimkasirikie nani.

Aliyemgusa ni Bibi. Jumapili kabla ya kanisa alitoa kigoda nje, si uani, bali mbele ya nyumba kabisa, barabarani, akamkalisha dada chini kati ya magoti yake na kumsuka. Watu wanapita na Biblia zao, wanasalimia, Bibi anaitikia, vidole viko kichwani. Alisuka taratibu mno, nywele za kazi ya nusu saa zinakula asubuhi nzima, huku akinung'unika maneno ya Kibena chinichini. Nilidhani anaomba.

Bibi alifariki mwaka jana. Nyumba imeuzwa, wamejenga fremu za maduka, pale jikoni sasa pana mtu anachaji simu. Mtaa wenyewe umebadilika. Watoto wanakupita wana vitu masikioni, hawakuoni, na hakuna anayewadhania kitu. Dada alikuja msibani kutoka Manda, anakoishi sasa na familia yake. Jioni baada ya maziko tulikaa nyuma ya nyumba, wawili tu, na nikamwambia jambo nililolibeba miaka yote, kwamba najuta tulimwacha Bibi aamini.

Dada alinitazama kama aliyesikia kichekesho kibaya.

"Aamini nini? Bibi alikuwa anakaa jikoni na sisi kila Jumamosi. Alimjua yule shetani wako kuliko wewe."

"Kwa hiyo..."

"Aliponipa sinia siku ile, wewe ulikuwa umeshatangulia. Alinirekebisha kitambaa, akaniambia, 'Leo usimsalimie.' Basi. Nikatoka."

Nikamfikiria Bibi kwenye benchi lake la kanisani, akipokea meza ya Bwana na lile jambo kifuani, mwaka baada ya mwaka, akiwaambia wenzake "bado" na huku akiona jinsi mikono inavyomruka mjukuu wake. Alipima Makambako na hilo, akachagua, na hakuwa na mtu wa kumuuliza kama amechagua vema.

"Na pale akinisuka," dada akasema, "unajua alikuwa anasema nini? Alikuwa ananiomba msamaha. Kwa Kibena, akijua sikielewi. Kila Jumapili, maneno yaleyale. 'Nisamehe mwanangu, sikuwa na njia nyingine.'"

"Ulikuwa hukielewi kweli."

"Mwaka wa kwanza tu."

"Sasa mbona hukumwambia? Ungemwambia umemsamehe!"

Dada alikuwa anachezea ncha ya mtandio wake, watu wazima wawili tumekaa kwenye baridi ya Njombe, ndani wanaimba.

"Ningemwambia angemaliza," akasema. "Angenisuka haraka haraka kama watu wengine wanavyosukwa. Na nani mwingine alikuwa ananigusa?"