Jini Lililochukia Sijda

Jini la mama lilichukia sijda. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa nyumbani kwetu Nguvumali, na mie nimekua nikiamini. Mama anasimama, anarukuu, salama. Akiweka tu paji la uso mkekani, linamjia. Anainuka midomo myeupe, jasho linamchuruzika, moyo unampiga mpaka unauona chini ya mtandio. "Linakuja," anasema. Yale macho yake sijui niyaelezeje. Nimeona watu wakiogopa mbwa, wakiogopa polisi. Mama alikuwa akiogopa kitu kilichomo ndani yake, na hana pa kukimbilia. Baada ya muda linaondoka, anabaki amelegea na kichwa kinamgonga.

Mama mkubwa, dada yake, ndiye aliyekuwa msemaji wa hilo jini. Ni la ukoo, alisema. Lilikuwa la bibi yetu kule Tongoni, na bibi alipokufa likahamia kwa mama. Jini kafiri, ndiyo maana halitaki kusujudu. Basi nyumba ikawa ubani kutwa, kombe la zafarani asubuhi, zile aya za kuandikwa sahanini zikaoshwa anywe, na halua ya jini kwenye sinia ambayo mie nilikatazwa hata kuisogelea.

Mama alikuwa akifundisha wasichana Kurani barazani kwetu. Habari ilipotapakaa, wazazi wakaanza kuwaondoa watoto wao kwa adabu, kwa visingizio vya tuisheni. Wanafiki wakubwa! Hadi leo nikikutana nao sokoni, salamu yangu ni ya mdomoni tu.

Siku aliyoanguka uani alikuwa anapuliza jiko. Nilimpakia kwenye bajaji, huku mama mkubwa akipiga kelele kwamba mwenye jini akichomwa sindano anakufa. Nikamwambia dereva, twende, usimsikilize.

Daktari alikuwa binti, mdogo kuliko mie. Alimwamkia mama shikamoo, akampima presha, akasubiri, akapima tena, akakunja uso.

"Hali hii inamjia akifanya nini?"

"Akisali," nilijibu kwa ukali, nikimngoja acheke.

Hakucheka. "Na akiinama kuokota kitu je?"

Ufagio. Jiko. Beseni la nguo. Yarabi! Yote hayo tulikuwa tumeyaona kwa macho yetu, lakini sijda ndiyo tuliyoishika, kwa sababu ndiyo iliyotutisha.

Wakapima mkojo, kisha wakamlaza kwenye sitiskani, ile mashine ya duara inayopiga picha za ndani ya tumbo kipande kwa kipande. Walipomtia mshipani dawa ya kung'arisha picha, joto lilimpanda mwili mzima, akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Nilimsikia kutoka nje ya mlango, na mie nikawa naisoma naye.

Daktari akatuita kwenye kioo cha kompyuta. Figo hii, na figo hii. Juu ya ile ya kulia kulikuwa na dude la mviringo, kubwa kama ndimu, linang'aa. Ni uvimbe wa nadra, alisema, umeota kwenye tezi iliyokaa juu ya figo. Mama akiinama, tumbo linaubana, nao unamwaga kwenye damu kile kile ambacho mwili hutoa mtu akishtuka. Ukiachwa, siku moja presha itapanda na hatainuka tena.

Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga mtu. Mama alikisogelea kioo taratibu.

"Kumbe una sura," akauambia ule uvimbe.

Nikamshika mkono, nikamrudisha nyuma.

Kupasuliwa alikataa. Tulipofika nyumbani akanikalisha kitandani. "Lilimtoka bibi yako likaja kwangu. Likinitoka mie litakwenda kwa nani? Sina mtoto mwingine."

"Mama, ni nyama! Si tumeiona?"

"Nimeiona mwanangu. Ndiyo maana naogopa zaidi."

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Mwishowe, kwa hasira tu, nikamwambia: basi ukifa nalo si ndiyo litanijia, kama lilivyokujia wewe? Bora likamatwe hospitali. Hilo likamwingia. Akameza vidonge vya kutuliza presha wiki kadhaa, tukaenda Dar, wakalitoa.

Sijda yake ya kwanza baada ya kidonda kupona niliiangalia nikiwa mlangoni. Alikaa chini muda mrefu. Alipoinua uso haukuwa na jasho, ulikuwa na machozi. Mama mkubwa alisema majini hayaingii kwenye picha, lakini halua aliila mwenyewe. Wasichana wakaanza kurudi barazani, na mie nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Kisha, tulipompeleka mama kuangaliwa, yule daktari binti akaniuliza mie: bibi yenu alikufaje? Nikamweleza: ghafla, kwenye sijda, na jini lile lile. Akaacha kuandika. Uvimbe wa namna hii, alisema, mara nyingine hutembea kwenye damu ya ukoo. Ningependa na wewe nikupige picha hiyo.

Mwilini sikuwa nikisikia chochote. Nililala kwenye mashine ile ile, joto likanipanda, na picha yangu ikaonyesha kitu kidogo kama punje ya mbaazi, juu ya figo ya kulia. Daktari alinipa moyo: bado mdogo, tumeuwahi, utatolewa kabla haujakusumbua. Nilimwamini, na bado namwamini.

Mama nilimwambia waziwazi, sijui kuficha. Hakulia.

"Limehamia," alisema.

"Mama, lilikuwepo! Lilikuwepo hata kabla hujapasuliwa!"

"Limehamia," akarudia, akaingia chumbani.

Alasiri ile nilisikia harufu ya ubani, nyumbani mwetu ambamo haukuwashwa tangu tutoke Dar. Nikasogeza pazia. Mama amekaa mkekani, chetezo mbele yake, na kibla kiko mgongoni kwake. Alikuwa akizungumza kwa upole, kwa heshima.

"Rudi kwangu. Huyu mwache, bado mtoto. Nyumba yako unaijua."

Akaweka paji la uso chini. Akainuka, akajishika kifua, akasikiliza. Moyo wake ulikuwa umetulia. Akainama tena.