Rangi ya Geti

Mimi ni fundi wa waya za magari mjini Kitale. Shule niliishia darasa la nane, na maneno hunitoka polepole, mdomoni na hata kwa kalamu. Lakini kila gari nikilishika, kwanza naandika kwenye daftari linavyofanya, kabla sijafungua chochote.

Mwaka jana niliitwa Mabanga, karibu na Bungoma, kwa mwalimu mstaafu mwenye pikapu iliyonizidi umri. Injini iliwaka vizuri. Ila ukiwasha indiketa, taa za mbele zilififia, na ukikanyaga breki, honi ilikoroma kama mtu mwenye mafua. Mafundi wawili walikuwa wamebadilisha betri na swichi bure. Mwanawe, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alishachoka, akamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Angefika saa nane mchana na mtungi wake wa gesi ya kukatia. Mzee hakutaka.

"Baba, wacha iende. Huyu ni fundi wa tatu, bana," mwana alisema.

"Si ni wewe uliipaka rangi Krismasi? Inang'aa hivi, halafu unataka ikatwe?" Mzee akanigeukia. "Na wewe fundi, mbona umenyamaza kama redio haina betri?"

Nilicheka kidogo, nikaendelea kuandika.

Kifaa changu cha kupimia ni balbu yenye waya mbili. Mmoja niliushikanisha na waya unaoleta stima kwenye taa ya mbele, wa pili nikaugusisha kwenye bodi ya gari. Balbu ikawaka hafifu. Ule wa pili nikauhamishia upande wa hasi wa betri, balbu ikawaka kabisa. Basi stima ilikuwa inafika. Ilichokosa ni njia ya kurudi kwenye betri kupitia bodi. Nikafuata waya mweusi wa athi, ambao ndio njia hiyo, kutoka kwenye betri hadi mahali ulipofungwa kwa bolti kwenye bodi. Nikaifungua. Chini yake kulikuwa na rangi nzito ya kijani, na rangi haipitishi stima.

Ilikuwa rangi ileile ya geti nililoingilia. Krismasi ikikaribia watu hupaka nyumba na geti, na rangi inayobaki haitupwi. Mwana alikuwa amefungua kila bolti aliyoweza, akapaka, akazifunga tena. Kazi safi kabisa.

"Umepata?" aliniuliza kwa sauti ya chini, akiwa nyuma yangu.

Nilishindwa kumwambia, na baba yake amekaa pale kwenye kiti cha dereva. Niliandika mstari mmoja, nikamgeuzia daftari: Rangi chini ya bolti ya athi.

Alisoma. Kisha akanyoosha mkono. "Lete msasa."

Alikwangua mwenyewe mpaka chuma kikawa cheupe. Mimi nikakaza bolti. Mzee alipobonyeza honi, kuku walitawanyika.

"Sasa ilikuwa nini?" aliuliza.

Niliinamia vifaa vyangu.

"Ni mimi, Baba. Nilipaka mahali hapapakwi."

"Ati nini! Kumbe nishukuru uliniachia kioo bila kukipaka."

Saa nane lori la vyuma likasimama getini. Mzee hakushuka. Aliwasha indiketa ya kulia, akapiga honi lori limpishe.