Kishikwambi Hukaguliwa Juani

Juzi, nikiwa katika duka moja la simu hapa Morogoro mjini, mama mmoja kutoka Matombo, kule milima ya Uluguru, aliomba kishikwambi cha bei nafuu. Muuzaji akamletea kimoja cha kutoka China, kinachong'aa kweli kweli.

"Shikamoo mama. Hapa wajukuu watafurahi, katuni zinaonekana safi."

"Marahaba. Si cha wajukuu. Ni cha katibu wa kikundi chetu cha karafuu, na katibu ni mimi."

Akakichukua, akatoka nacho nje kwenye jua la saa sita. Muuzaji akamkimbilia akidhani anaibiwa. Akamkuta amechuchumaa, anakigeuzageuza kama anayekagua karafuu mkekani.

"Karafuu hatukagulii ndani," mama alimwambia. "Na mizigo ya wanachama nitaiandika uwanjani, si sebuleni. Hapa sioni hata herufi. Lete kingine."

Cha tatu, cheusi, kisicho na mbwembwe, kilisomeka vizuri, tena kwa bei ya chini. Akakichukua hicho.

Mimi, mzaliwa wa milima hiyohiyo ya Uluguru, nikaondoka kifua mbele kana kwamba nimechagua mwenyewe. Kituoni nikatoa changu, nilichokipendea rangi. Juani kilinionyesha kitu kimoja tu: sura yangu.