Nna, Siyo Nina

Washairi wa Kanada wana ada moja ambayo mwanzo ilinichekesha, kisha nikaiheshimu. Hawasomi shairi hata moja kabla mmoja wao hajasimama kuwataja wenyeji wa asili wa ardhi ile, na kukumbusha kwamba watoto wa wenyeji hao walipigwa shuleni kwa kusema lugha ya mama zao. Nilikuwa nikiwasikiliza kila Jumamosi kwenye simu, niko jikoni kwangu Azaiba, Maskati. Kwao asubuhi na theluji dirishani, kwangu jioni na sambusa kwenye mafuta.

Aliyeniingiza ni rafiki yangu, mshairi aliyezaliwa hukohuko, bibi yake mtu wa Mombasa. Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini sikio analo. Lilikuwa kundi la watu wasio na makuu: mwalimu, dereva wa basi, wawili watatu wa chuo kikuu, wanaokutana nyuma ya duka la vitabu na kugombana kutwa kwa ajili ya mkato mmoja. Niliwapenda kwa hilo. Hapa Maskati nikisema naandika mashairi, naulizwa ni ya harusi ya nani.

Basi wakaamua kutoa kitabu, kila mtu shairi lake kwa lugha ya kwao na tafsiri ubavuni. Mimi nikatoa la mama yangu. Mama alitoka Unguja akiwa msichana, na maneno aliyomwambia mamake mlangoni ndiyo niliyoyafanya kibwagizo: Nnakwenda nnarudi, mlango wacheni wazi. Hakumwona mamake tena. Mpaka leo, akitoka hata kwenda kwa jirani, husema vilevile.

Mhariri wa kitabu akanirudishia shairi limesafishwa. Kila nna imekuwa nina. Yeye Kiswahili alikisoma chuoni, na alikisoma vizuri. Akaniandikia kwa adabu kwamba amerekebisha makosa ya uchapaji. Nikamjibu kuwa si makosa, ndivyo tusemavyo. Akasema anaelewa, lakini kitabu kitasomwa na wanafunzi, kinahitaji Kiswahili sanifu, na wala mizani haipungui: nna ni mbili, nina ni mbili. Kwenye mizani alisema kweli, na hilo ndilo lililonipandisha mori zaidi.

Nikamsomea mama shairi lililosafishwa, bila kumwambia kitu. Alikuwa akichambua mchele. Nilipofika kwenye kibwagizo akainua kichwa.

"Huyo anaesema nani?"

"Wewe, mama."

"Mie? Mie sikusema hivyo. Huyo mwalimu."

Jumamosi iliyofuata, wenyeji wa ardhi walipokwisha kutajwa, niliomba kusema. Nikawaambia: kila wiki mnawalilia watoto waliopigwa kwa sababu ya lugha ya mama zao, na mimi nimelia nanyi. Leo mnataka kumsahihisha mama yangu. Fimbo hamna, lakini kalamu nyekundu mnayo. Sibadilishi hata herufi moja.

Mhariri akapendekeza tuiache nna, ila chini ya ukurasa tuweke maelezo kwamba hiyo ni lahaja, si sanifu.

"Mama yangu hawekewi maelezo," nikasema.

Shairi likaondolewa kitabuni. Rafiki yangu akanipigia akilia, akiniomba nilegeze kidogo tu, na mimi nikamwambia asinililie, anisaidie kukasirika. Nisiseme uwongo, niliumia. Kitabu kile nilikitaka. Nilikuwa nimeshaota nikikiweka mapajani mwa mama, nikimfungulia ukurasa, nikimwambia haya ndiyo maneno yako, yamefika Kanada.

Siku ya kukizindua nilifungua simu vilevile. Sikutaka waseme nimejificha. Mama akaja kukaa ubavuni kwangu. Washairi wakasoma mmoja mmoja, wakapigiwa makofi, nami nikawapigia, maana mashairi yenyewe yalikuwa mazuri. Ikafika zamu ya rafiki yangu. Akakifunga kitabu, akatoa karatasi, akasema leo hasomi lake. Akaanza kusoma langu. Lakini ulimi ulimkatalia.

"Nakwenda narudi," akasema.

Mama akaivuta simu mkononi mwangu.

"Mwanangu, shikamoo hujanipa, lakini haidhuru. Siyo na. Nna. Ulimi ubandike juu kwanza, uvume, ndo uwachie."

"Shikamoo, mama. Nna..."

"Marahaba. Ehee. Na hao wenzio, wamekaa tu?"

Rafiki yangu akawatafsiria. Nikasikia chumba kizima huko Kanada kikijaribu, mwalimu, dereva wa basi, watu wa chuo kikuu, wanavuma na kucheka na kurudia tena. Nilimtafuta mhariri kwenye kioo cha simu. Alikuwa nyuma kabisa, hacheki, lakini midomo yake ilikuwa inakwenda.

"Khalas," mama akasema. "Sasa soma."

Akasoma lote, mpaka mwisho, na safari hii kila mlango wa mama ulibaki wazi.

Kitabu walinitumia. Kiko kwenye rafu ya sebuleni, kimechapwa vizuri, na wageni wakija nawaonesha bila kinyongo. Huwa wanakipekua, wanauliza shairi langu liko ukurasa gani. Mama hujibu kabla yangu.

"Halimo. Nnalo mie."