Nyumba Ndani ya Bomba

Juzi nilikuwa kwa fundi wa majiko pale Langoni alipoingia msimamizi wa nyumba ya wageni, mtu wa bara, amekumbatia jiko la gesi la kuotea moto, lile ambalo wageni huwashiwa darini usiku wa baridi.

"Linawaka manjano, linatoa moshi, mara linazimika. Nimebadilisha mtungi, nimebadilisha mpira. Wageni wanafika leo jioni, na bosi amesema likikataa tena, niende nalo kwetu."

"Kabla ya leo lilikuwa halijawashwa tangu lini?"

"Tangu Ramadhani iingie."

Fundi akafungua bomba la ndani ya jiko, akatia mdomo, akapuliza. Mashavu yakavimba, pumzi haikupita. "Hewa haina ndia ya kupita," akasema. Akachomoa chelewa moja kwenye fagio, akachokoa taratibu. Likatoka donge la udongo mkavu, likapasuka juu ya meza.

"Kumbe takataka tu!"

"Takataka, bwana?" Fundi akaligeuza kwa ncha ya chelewa. "Nyigu kajenga. Tazama vyumba. Na kila chumba kamtilia mwanawe buibui wa kula."

Buibui mmoja alikuwa bado anatikisa mguu. Msimamizi akavua kofia.

Jiko likawashwa. Moto ukasimama wa buluu, haukutetereka, na hakuna aliyeutazama. Tulikuwa watu wazima watatu tumeinamia tope.

Nyumba yangu ina mwaka wa nne inajengwa, mafundi sita wamepita, na stoo wameisahau. Nyigu yule alijenga peke yake, gizani, kwa mdomo, akamwekea akiba mtoto ambaye hatamwona.